Benchi la Zahanati ni Letu Sote

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kitengela, Isinya na Kajiado mjini. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikuweza kufika navyo viyasome na kuyajadili. Maswali ya kikundi yako mwishoni.



Najua wengine mmeacha biashara zenu, na wengine mmepanda matatu tangu asubuhi na mapema. Siku zingine tukikutana hapa tunazungumza juu ya matangi ya maji, mbuzi wa maziwa, na mchango wa kila mwezi. Leo nimeombwa niseme juu ya afya. Nami nimechagua upande mmoja wa afya ambao hatujawahi kuugusa katika mikutano yetu. Mkiona maneno yangu ni magumu, vumilieni kidogo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

NILIYOYAONA

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza jirani mmoja kwenye zahanati. Sitataja zahanati gani, wala mtu mwenyewe simtaji. Ameniruhusu niwaeleze mambo haya, mradi nisimtambulishe. Ni mtu anayesuka nywele kwa riziki yake, anaishi katika chumba kimoja kwenye ploti. Mnazijua ploti zetu: vyumba kumi na viwili, bomba moja, choo kimoja, na watoto wanacheza mlangoni pa kila mtu.

Jirani huyo anaishi kama mwanamke. Anavaa kama mwanamke, na hapo kwenye ploti anaitwa kwa jina la kike. Lakini kitambulisho chake kina jina la kiume, na kimeandikwa kwamba yeye ni mwanamume. Alikuwa amekohoa kwa mwezi mzima. Usiku alikuwa akilowa jasho, na nguo zilikuwa zimeanza kumpwaya. Nilimwambia, "Twende, mimi nitakuwa pamoja nawe." Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akakubali.

Tulifika, tukaketi kwenye benchi. Zamu yake ilipofika, karani alichukua kitambulisho, akakitazama, akamtazama yeye, akakitazama tena. Halafu akamwita mwenzake wa chumba cha pili kwa sauti: "Hebu njoo uone! Huyu ni mwanamume ama ni mwanamke?" Benchi zima likacheka. Mama mmoja ninayemjua vizuri, tena ni mwanachama wa kikundi, alimvuta mtoto wake karibu kana kwamba nyoka amepita.

Na mimi je? Mimi niliyesema nitakuwa pamoja naye? Niliinamisha kichwa nikatazama viatu vyangu. Jirani yangu alichukua kitambulisho chake taratibu, akatoka. Mimi nilibaki nimeketi.

Baada ya wiki tano kijana wa bodaboda alimleta hospitali usiku, akitapika damu ya kifua. Akapimwa, akapatikana na TB. Walipopimwa watu wa ploti, mtoto mmoja wa chumba cha pili naye alikuwa nayo.

Hatuwezi kujua kwa hakika mtoto yule aliambukizwa na nani. TB iko mahali pengi. Lakini wiki tano ni wiki tano. Msiseme jirani yangu alificha ugonjwa. Alikuwa amekuja zahanati kwa miguu yake mwenyewe, akaketi kwenye foleni kama kila mtu. Sisi wa benchi ndio tuliomrudisha nyumbani na ugonjwa wake.

TUNASEMA JUU YA NANI?

Kuna watu wa namna mbili ambao tunawachanganya kila siku.

Wa kwanza ni huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo si ya kiume kamili wala si ya kike kamili. Sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza hapa Kenya. Walipatikana 1,524 nchi nzima, na katika Kaunti yetu ya Kajiado, yenye watu 1,117,840, waliandikwa 38.

Wa pili ni wale wanaoitwa transjenda. Mtu wa namna hii alipozaliwa aliandikwa mvulana, lakini tangu utotoni anajiona ndani yake kuwa msichana. Au aliandikwa msichana, lakini anajiona kuwa mvulana. Hawa hakuna sensa iliyowahesabu. Lakini wapo. Wapo Kitengela, mahali ambapo watu hutoka kila pembe ya nchi kutafuta vibarua na chumba cha bei nafuu. Wapo pia huku ndani kwenye maboma, ila huko hunyamaza zaidi, au huondoka.

Wengine mtaniuliza, "Je, si ugonjwa wa akili?" Kwa miaka mingi vitabu vya madaktari viliandika hivyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, na katika orodha hiyo hali hii iliondolewa kwenye fungu la magonjwa ya akili. Si laana, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Ukiketi karibu naye hutapata kitu.

Na magonjwa yao ni yapi? Ni yaleyale yetu. Malaria, TB, presha, sukari, vidonda, ajali za bodaboda. Yako pia machache ya kuangaliwa zaidi. Mtu unayemwona mwanamume anaweza kuwa na mlango wa uzazi, na huo unahitaji kupimwa saratani. Mtu unayemwona mwanamke anaweza kuwa na tezi dume, nayo uzeeni huleta taabu. Wengine hununua homoni au vidonge vya kupanga uzazi kwa kemisti bila daktari kujua, wakimeza vingi ili mwili ubadilike. Hilo ni hatari, kwa sababu damu inaweza kuganda kwenye mishipa. Daktari ambaye hakuambiwa hawezi kusaidia. Na mgonjwa anayechekwa mlangoni hatamwambia daktari kitu.

MLANGO UNAFUNGWA WAPI?

Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata yakakubaliana kwamba huduma za kwanza za afya ziwe karibu na watu, na wananchi wenyewe washiriki kuzipanga. Tumezoea kufikiri kwamba "karibu" maana yake ni kilomita. Kweli, hapa kwetu kilomita ni tatizo. Kutoka Kitengela hadi Kajiado mjini ni kama kilomita 50, na wako wenzetu wa upande wa Mashuuru ambao hata barabara yenyewe ni shida. Lakini mtu anaweza kukaa hatua mia moja kutoka zahanati na bado iwe mbali naye kuliko Mombasa.

Nimewauliza watu kadhaa wa hali hii, na mama mmoja mhudumu wa afya ya jamii, mlango unafungwa mahali gani. Walinitajia sehemu nne.

Kwanza ni jina. Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF. Huduma za zahanati na kituo cha afya hulipiwa na mfuko wa serikali, mradi umesajiliwa, na kusajiliwa kunahitaji kitambulisho. Basi kitambulisho kinasema hivi na uso unasema vile. Hapo ndipo kelele huanza.

Pili ni maswali yasiyohusu ugonjwa. Mtu amekuja na jino, anaulizwa juu ya sehemu zake za siri.

Tatu ni siri yenyewe. Mambo ya chumba cha daktari yanafika sokoni kabla mgonjwa hajafika nyumbani.

Nne ni benchi. Hilo benchi ni mimi na wewe.

Zamani kidogo wengine walikuwa na njia ya kuzunguka. Walipanda matatu mpaka Nairobi, kwenye vituo maalum vilivyokuwa vikiendeshwa kwa fedha za wafadhili wa ukimwi. Lakini Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake, na vituo vingi vya namna hiyo vikafunga milango. Kwa hiyo mtu ambaye hatukumwona kwenye zahanati yetu miaka iliyopita, sasa tutamwona. Au hatutamwona kabisa, mpaka siku ya kuchangia mazishi. Ndiyo sababu nimeona jambo hili haliwezi kungoja.

SHERIA INASEMA NINI?

Wengine huogopa kwamba ukimhudumia au ukimsindikiza mtu kama huyu unavunja sheria. Hapana. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata huduma za afya za kiwango cha juu kinachowezekana, na kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Imesema "kila mtu". Kifungu cha 28 kinalinda heshima ya kila mtu, na cha 31 kinalinda siri zake. Sheria ya Afya ya 2017 inaongeza kwamba habari za mgonjwa ni siri, kwamba aelezwe na akubali kabla ya kutibiwa, na kwamba ana haki ya kupeleka malalamiko.

Mahakama nazo zimesema. Mwaka 2014 Audrey Mbugua, ambaye wengi mlimsikia redioni, alishinda kesi katika Mahakama Kuu. Jaji Weldon Korir aliagiza Baraza la Mitihani libadilishe jina kwenye cheti chake cha kidato cha nne na kuondoa alama ya jinsia, kwa kuwa sheria hailazimishi alama hiyo iwepo. Na Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret iliamua kesi ya mtu aliyekamatwa mwaka 2019 kisha akapimwa mwili kwa lazima ili ijulikane yeye ni nani. Mahakama iliagiza alipwe shilingi milioni 1. Nawaomba wale mlio kwenye kamati za zahanati muishike hiyo ya pili. Kumvua mgonjwa nguo ili kumridhisha mtu aliyetaka kujua tu ni kumvunjia heshima, na mahakama imesema hivyo.

NA IMANI YETU JE?

Najua swali hili liko mioyoni. Mzee mmoja aliniuliza kabla ya mkutano, "Mwanangu, Kanisa limebadilika?" Nilimjibu kwa unyofu, na nyinyi nawajibu vilevile. Mafundisho ya Kanisa juu ya mwanamume na mwanamke hayajabadilika. Mwaka 2024 Vatikani ilitoa waraka uitwao Dignitas Infinita, na haukubaliani na upasuaji wa kubadili jinsia. Lakini waraka huohuo unafundisha kwamba heshima ya binadamu haiondoki kwake katika hali yoyote ile.

Tena tazameni matendo. Wakati wa korona mwaka 2020, kikundi cha watu transjenda katika mji wa Torvaianica, karibu na Roma, walikosa chakula. Walibisha kwa paroko wao. Paroko akawapokea, na msaada ukatoka kwa Papa Fransisko mwenyewe. Novemba 2023, Siku ya Maskini Duniani, baadhi yao walialikwa wakala chakula cha mchana Vatikani pamoja na Papa huyo, ambaye sasa ni hayati. Hakuwapa mtihani wa katekisimu kwanza.

Msamaria Mwema naye alimkuta mtu amevuliwa nguo njiani. Aliona kila kitu. Injili haisemi kwamba alisimama akauliza huyu ni kabila gani, ni wa dini gani. Inasema alimfunga majeraha. Wewe na mimi tunaweza kutofautiana juu ya mambo mengi. Lakini hatuwezi kutofautiana juu ya kifua kinachotoka damu.

TULIKWISHA KUPITA NJIA HII

Wenye mvi kama mimi mnakumbuka miaka ya tisini. Mtu akikonda tu, kikombe chake kinatengwa. Wengine walizikwa upesi bila watu kuimba. Padre Angelo D'Agostino, Mjesuiti ambaye pia alikuwa daktari, alifungua makao ya Nyumbani kule Nairobi mwaka 1992 kwa ajili ya watoto wenye virusi ambao hakuna aliyewataka. Serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwaka 1999. Hata hivyo mpaka mwaka 2004 bado watu wa Nyumbani walikuwa mahakamani, wakidai watoto wao wakubaliwe katika shule za serikali.

Tulijifunza nini? Kwamba aibu haizuii ugonjwa. Aibu huupa ugonjwa nafasi ya kutembea gizani. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini tujiulize, ni nani anayemfanya mtu afiche?

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Sikuja kuwaambia mwanzishe mradi mkubwa. Hakuna pesa, na kwa kazi hii pesa hazihitajiki sana. Wacha niwaeleze jirani yangu alivyopona.

Baada ya usiku ule wa bodaboda, yule mama mhudumu wa afya ya jamii alitangulia peke yake kwenye zahanati. Alizungumza na sista msimamizi, mlango ukiwa umefungwa. Hakugombana. Alisema, "Sista, kesho nitakuja na mgonjwa wangu. Tafadhali mwite kwa jina la babake." Basi. Jina la ukoo halina mwanamume wala mwanamke. Halafu kwa miezi sita, maana dawa za TB za kawaida ni miezi sita na hospitali ya serikali haitozi pesa, mtu mmoja wa ploti alikuwa akimkumbusha kumeza. Leo amepona, anasuka nywele. Na yule mtoto wa jirani amepona, anasoma.

Kutokana na hayo, napendekeza mambo matano.

1. Tuzungumze na msimamizi wa zahanati kwa adabu, kupitia wananchi walio kwenye kamati. Tuombe wagonjwa wote waitwe kwa namba au kwa jina la ukoo, si huyu peke yake. Akiitwa hivyo peke yake, tayari mmemtangaza. Wakiitwa hivyo wote, hata msichana mwenye mimba na mzee mwenye ugonjwa wa aibu watafurahi.

2. Wahudumu wa afya ya jamii tunao, serikali iliwapa vifaa mwaka 2023, na wengi wao ni wanachama wetu. Mhudumu akimtembelea mtu kama huyu, asiandike wala asiseme zaidi ya kile ambacho ugonjwa unahitaji.

3. Tujifunze kusindikiza. Kusindikiza si kuketi tu. Mimi niliketi, na haikusaidia. Karani akipiga kelele, wewe simama, umwambie kwa upole, "Huyu ni mgonjwa, naomba tuzungumze ndani." Maneno hayo yanatosha.

4. Kiswahili chetu kina baraka moja. Hakina neno la kumtenga mwanamume na mwanamke tunapomtaja mtu. Tunasema "yeye". Ukishindwa kujua umwiteje, sema "yeye", sema "mgonjwa", sema "jirani". Au muulize kwa siri, "Ungependa tukuite nani?"

5. Mtu anayetaka kubadilisha jina, aelekezwe kwa wakili au ofisi ya msaada wa sheria, kwa sababu sheria ya Kenya inaruhusu mtu kubadili jina lake kwa hati maalum. Asidanganywe na madalali wa vitambulisho.

Na kama mtu huyo ni mtoto wako? Maana wanazaliwa nyumbani mwetu, si kwingine. Usimfukuze. Wengi wanaokata tamaa ya maisha walianza kuikata siku walipofungiwa lango la nyumbani. Hata kama huelewi, mpe chakula na mpeleke hospitali anapougua. Kuelewa kutakuja polepole.

Ninamaliza. Nilirudi kwa jirani yangu alipokuwa kwenye dawa, nikamwomba msamaha kwa kutazama viatu vyangu siku ile. Alinijibu, "Nilikuona. Nilidhani unaumwa." Sijui kama alinisamehe ama alinicheka kidogo. Pengine yote mawili. Lakini siku iliyofuata alikubali nimsindikize, na safari hiyo nilisimama.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kumbuka siku ambayo wewe mwenyewe uliaibishwa kwenye foleni ya hospitali, ofisi au duka. Ulitaka nani asimame nawe?

2. Katika zahanati yetu, wagonjwa huitwaje? Nani husikia? Nini kinaweza kubadilishwa wiki hii bila pesa?

3. Ni nani katika kikundi chetu yuko kwenye kamati ya zahanati? Tunampa ujumbe gani?

4. Igizeni mchezo mfupi: mmoja awe karani, mmoja mgonjwa, mmoja msindikizaji, na wengine wote wawe benchi. Chezeni mara mbili. Mara ya kwanza benchi linacheka. Mara ya pili mtu mmoja wa benchi anasimama. Kisha muulizeni aliyekuwa mgonjwa alijisikiaje.